Koti la Bwana Subiri

“Hivi mwenzangu, mifuko ya watu unaijua yote. Mioyo yao nani kakufundisha?”

Jirani yake, muuza mkaa, alimuuliza hivyo siku moja wakianika nguo uani, na Mama Mifuko akacheka mpaka kibanio kikamdondoka mdomoni. Leo hakucheka. Swali lilimrudia kichwani kama nzi aliyefukuzwa dirishani akazungukia mlangoni.

Maana tulimwacha wapi wiki iliyopita, msomaji wangu? Kwenye kiti cha mahojiano, ndani ya stoo ya mashuka ya hoteli ya ghorofa sita, koti la mwanamume limemwangukia mapajani. Aliyelitupa ndiye meneja aliyekuja kumhoji. Hakusalimu. Hakuomba radhi kwa kuchelewa saa mbili na nusu. Alivua, akatupa, akakaa.

“Kabla sijakuuliza lolote,” alisema, “nipigie pasi hilo koti. Saa sita nina kikao na mwenye hoteli.”

“Koti, bwana?”

“Kwani umeomba kazi gani? Urubani?”

Akacheka peke yake. Karani wa mahojiano, dada mwenye miwani aliyekaa pembeni na daftari, hakucheka. Ndiye aliyemnong'oneza Mama Mifuko kule kwenye benchi kwamba meneja huyu wafanyakazi wanamwita Bwana Subiri. Ukimtaka, subiri. Akikutaka yeye, kimbia.

“Na wewe karani, andika,” meneja alimnyooshea kidole. “Kila neno analotamka huyu mama, andika. Safari iliyopita nimesemwa eti napendelea watu. Mimi! Andika yote.”

“Yote, bosi?”

“Hata akipiga chafya.”

Kalamu ikagusa karatasi.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, nikudokezee upesi. Mama Mifuko ni mjane. Amefua na kupiga pasi miaka kumi na moja kwa mzee mmoja dobi, na duka hilo la dobi mwisho wa mwezi linafungwa kwa sababu macho ya mzee yamekwisha. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, fundi magari mwenye gereji yake, alipopata habari hizo aliitisha kikao cha ukoo.

“Mtoto wa ndugu yangu hawezi kulelewa na mikono mitupu,” alisema mbele ya wazee. “Ijumaa jioni, shemeji, uje na kazi. Ukija nayo, mtoto wako. Ukikosa, anahamia kwangu.”

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mtoto mwenyewe ni binti wa miaka kumi na mbili, mmoja tu, jicho la mama yake. Na leo ni Alhamisi.

Jambo moja lilimpa moyo. Shemeji huyohuyo ndiye aliyemletea habari ya kazi hii. “Hoteli inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia. Nenda, bahati yako.” Mama Mifuko alimshukuru mpaka machozi. Mimi huwa nasema, Mungu mshukuru kwa moyo wote, binadamu mshukuru nusu, nusu nyingine uiweke akiba. Lakini hakuniuliza.

Turudi stoo.

Meneja alimwaga njugu mezani, akaanza kuzitafuna. Mkono mwingine ulitafuta pa kuweka kikombe cha chai. Ukapaona. Ilikuwa barua ya sifa ya Mama Mifuko, ile mzee dobi aliyoiandika kwa siku mbili, mistari inapanda na kushuka kwa sababu ya yale macho. Kikombe kikatua juu yake.

“Bwana, samahani. Hiyo ni barua yangu.”

“Naiona.”

“Hujaisoma.”

“Sifa zako ziko chini ya kikombe, mama. Hazipotei. Una miaka mingapi?”

“Arobaini na miwili.”

“Eh! Chuma cha enzi. Na mume?”

“Ametangulia mbele za haki. Mwaka wa tatu huu.”

“Pole.” Akatema ganda la njugu. Halafu akaegemea kiti, akamtazama kuanzia kiatu mpaka kitambaa cha kichwani, akauliza swali ambalo mimi sitaliandika. Gazeti hili linasomwa na watoto.

Kalamu ya karani ilisimama. “Na hilo niliandike, bosi?”

“Hilo ruka!”

“Umesema yote.”

“Nimesema anayotamka yeye! Masikio unayo?”

Mama Mifuko alikuwa amelikamata koti kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kulikamua maji. Binti, alijiambia. Mola wangu, nipe kifua, leo nimekuja kwa ajili ya binti.

“Niulize kazi, bwana,” alisema, sauti iko chini. “Niulize damu inatoka kwa maji gani. Niulize mashuka mia yanakaukaje siku ya mvua.”

“Maji ni maji.”

“Damu kwa maji ya moto haitoki tena mpaka shuka lichakae. Inataka maji baridi, na mapema.”

“Andika hiyo,” meneja alimwambia karani, akipiga miayo. “Mtaalamu wa maji.”

Simu yake ikalia. Na simu ya Bwana Subiri, nikwambie, ilikuwa haina siri. Vidole vimejaa chumvi na mafuta ya njugu, kwa hiyo aliigusa kwa kifundo cha kidole, ikafunguka palepale mezani, ikapiga kelele chumba kizima.

“Baba watoto! Gesi imekwisha na wali uko jikoni!”

“Niko kwenye mahojiano!”

“Mahojiano yanaivisha wali?”

Akaikata kwa kifundo kilekile. Karani alijikohoza, lakini mabega yalimsaliti. Hata Mama Mifuko angetabasamu, kama si ile saa ya ukutani. Saa tano na robo. Kule nyumbani binti yuko peke yake, shule zimefungwa. Amemwachia jirani muuza mkaa amtupie jicho. “Nenda bila wasiwasi, huyu ni mwanangu,” jirani alimwambia asubuhi. Maneno mazuri kabisa. Basi kwa nini moyo unadunda hivi tangu alfajiri?

“Mama, pasi hiyo ukutani,” meneja alisema. “Unasubiri mchumba?”

Akasimama. Akachomeka pasi, akalitandaza koti juu ya meza ya kupigia. Koti la sufu, zito, bitana ya hariri, limekunjamana mgongoni kama limelaliwa. Akatafuta kitambaa cha kulowanisha, maana sufu haigusani na pasi uso kwa uso. Mikono ilikuwa imeshaanza kazi. Mikono ya mtu aliyefanya jambo moja miaka kumi na moja haingoji ruhusa ya kichwa.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kwa yule mzee dobi kulikuwa na sheria. Zamani mfuaji mmoja alisingiziwa pete ya mteja, akalala ndani siku nne, na pete ikaja kuonekana kwenye mfuko wa suruali nyingine ya mwenyewe. Tangu siku ile mzee akakata shauri. Hakuna nguo itakayoguswa na maji wala moto kabla mifuko yake haijaitwa. Unasimama mbele ya shahidi, unatoa kitu kimoja kimoja, unakitaja kwa sauti, kinaandikwa. Kilichofungwa hakifunguliwi. Kilicho wazi kinatajwa kama kilivyo, ili mwenye mali asije akasema kimebadilishwa. “Mfuko usioitwa ni kesi,” mzee alikuwa akisema.

Mama Mifuko aliita vizuri kuliko wote, ndipo jina lilipotoka. Hata sare ya shule ya binti yake huiita. “Mfuko wa kulia: kifutio, na ganda la peremende tulilokatazana!” Binti hucheka mpaka anakaa chini.

Kwa hiyo hakufikiri. Alisimama wima, akamgeukia karani, akafungua mdomo.

“Mfuko wa juu, kushoto: kalamu moja, kifuniko hakuna.”

Karani aliinua macho. Akayashusha. Akaandika.

Meneja hakusikia. Alikuwa amepigiwa tena, safari hii na rafiki yake, wanabishana kuhusu refa.

“Mfuko wa chini, kulia: njugu kiasi cha konzi moja. Leso moja, chafu.”

Kalamu ikakimbia.

“Alikuwa ameotea, mimi nakwambia!” meneja alipiga meza. “Refa kala!”

“Mfuko wa chini, kushoto: funguo za gari. Zina kibao cha mbao, rangi nyekundu, namba...”

Sauti ikakatika.

Namba saba. Saba yenye mkanda katikati.

Mama Mifuko alikijua kibao kile. Alikijua kama anavyojua kidole chake. Vibao kumi vyekundu, vimetundikwa misumarini kwenye gereji ya shemeji yake, kila kibao na ufunguo wa gari linalotengenezwa. Walivipaka rangi pamoja, yeye na mumewe, Jumapili moja wakiwa wamekaa kwenye matairi. Mumewe ndiye aliyeandika namba. “Saba yangu lazima ivae mkanda,” alisema marehemu, “isije ikavua suruali mbele za watu.”

Mkono wa marehemu mumewe. Mfukoni mwa koti la Bwana Subiri.

“Namba ngapi, mama?” karani alinong'ona.

“Saba.”

Akaziweka funguo mezani. Tulia, alijiambia. Mji mzima unatengeneza magari. Meneja ana gari, gari linaharibika, shemeji ni fundi. Kuna ajabu gani?

Hakuna ajabu. Ila shemeji alisema hamjui mtu yeyote hotelini hapa. Alisema tangazo alilisoma ukutani.

Ulibaki mfuko mmoja, wa ndani, ule wa upande wa moyo. Aliingiza mkono. Ukatoka na karatasi nzito iliyokunjwa mara moja, maandishi nje. Haikuwa na bahasha. Haikuwa na gundi. Kilicho wazi kinatajwa kama kilivyo.

“Mfuko wa ndani,” aliita, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. “Barua moja, ya hoteli, ina muhuri. Kichwa chake: Kuthibitishwa Kazini. Cheo: Msimamizi wa Chumba cha Kufulia.”

Kalamu ya karani ilisimama.

“Andika, mwanangu,” Mama Mifuko alimwambia. “Tarehe: Jumatatu, wiki hii. Imetiwa saini.”

Jumatatu! Na leo ni Alhamisi. Kazi imeshatolewa siku tatu nyuma. Na nje kwenye benchi bado wamekaa wanawake wawili na bahasha zao mapajani, wanasubiri kuitwa.

“Na jina?” karani aliuliza.

Mama Mifuko alilitazama jina. Akalitazama tena. Kisha akalitaja, herufi kwa herufi, mpaka karani akalimaliza.

Jina lenyewe halikusaidii kitu, msomaji. Nikwambie tu ni la nani. Ni la mke mdogo wa shemeji yake. Mwanamke ambaye hata soksi zake mwenyewe hupeleka kwa dobi! Mwanamke mwenye mapacha wa miezi minane, wanaolia usiku na mchana.

Akianza kazi hoteli, nani atabaki na mapacha?

Lilimjia lote kwa mara moja, kama beseni la maji machafu. Mtu wa kubaki nao yupo. Ana miaka kumi na mbili, mpole, anajua kufua, kupika na kubembeleza. Halipwi. Anaitwa mtoto wa marehemu ndugu yangu.

Hakuletewa habari ya kazi. Aliletwa aje aikose mbele ya mashahidi, ili kesho jioni wazee waambiwe: si nilimpa nafasi?

“Hee! Wewe!”

Meneja alikuwa amekata simu. Macho yalikuwa kwenye barua.

“Nani kakutuma mifukoni kwangu?”

“Kazi, bwana. Umenipa koti nilifanyie kazi.”

“Nilisema pasi! Nilisema pasi mimi, sikusema upekuzi!”

“Mfuko usioitwa ni kesi,” alijibu Mama Mifuko. “Kwetu ndivyo tunavyofanya kazi.”

“Lete hapa! Karani, futa. Futa hayo yote.”

“Nimeandika kwa wino, bosi.”

“Chana!”

“Ulisema hata akipiga chafya.” Karani alilikumbatia daftari kifuani. Miwani ilikuwa imemshuka puani, lakini macho yaliyokuwa juu yake hayakushuka.

Bwana Subiri aliona upepo umegeuka. Akabadilisha uso, ghafla, kama mtu anayegeuza shati ndani nje. Akatabasamu. Akavuta kiti.

“Mama yangu, kaa. Kaa tuzungumze kama watu wazima. Hiyo barua ni... ni rasimu tu. Hoteli ni kubwa hii. Vyoo vya ghorofa ya tatu havina mtu. Ukitaka, Jumatatu unaanza.”

Nikuulize wewe unayesoma: ungefanyaje? Kazi ni kazi. Angesema ndiyo, kesho angewaendea wazee kifua mbele, na mtoto angebaki wake.

Mama Mifuko hakukaa kwenye kile kiti. Haikuwa kiburi. Alikuwa anapima. Vyoo ameshaosha maishani, na mkono haukumwoza. Ila aliyempa leo barua ya mdomo ndiye aliyempa mwingine barua ya muhuri, na atamnyima lini? Siku shemeji atakapopiga simu.

“Niandikie,” alisema. “Sasa hivi. Mbele ya karani.”

“Aa, mama, mambo ya ofisi yana utaratibu wake. Subiri kidogo...”

Simu ikalia.

Meneja alitupia jicho kioo cha simu, na rangi ikamtoka. Alinyoosha mkono kuizima. Lakini vidole, msomaji wangu, vilikuwa vya mafuta ya njugu. Viliteleza, simu ikafunguka, ikasukumwa, ikadondoka chini ya rafu ya mashuka. Na huko chini, ambako hakuna mkono uliofika, ikaanza kusema.

“Bosi! Vipi, umeshamtoa mbio huyo mjane?”

Sauti ya shemeji.

Meneja alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya rafu mpaka begani. “Kata! Kata simu!” alipaza, lakini alikuwa akiiambia sakafu.

“Nini? Sikusikii. Ikisha mimi sikungoja kesho, niko hapa kwake sasa hivi. Gari liko nje. Yule jirani yake muuza mkaa hakuleta taabu hata kidogo, ndiye anamfungia mtoto mzigo. Nilishaongea naye tangu juzi.”

Pasi ilikuwa inafoka mvuke juu ya kitako chake. Karani alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Halafu, kwa mbali, nyuma ya sauti ya shemeji, ikaja nyingine. Ndogo. Yenye mafua ya kulia.

“Baba mkubwa, mama kasema nisitoke mpaka arudi.”

“Panda gari, mwanangu. Mama yako anajua.”

“Hajui! Mama angeniambia!”

Simu ikakatika.

Bwana Subiri alibaki kwenye magoti, vumbi kwenye nywele, mkono bado uko chini ya rafu. Mama Mifuko hakumtazama. Alichomoa pasi ukutani, maana pasi haiachwi na moto hata ukiwa umefiwa. Akalikunja koti, mkono juu ya mkono, akaliweka mezani na kila kilichokuwa mifukoni mwake kando yake, kama sheria inavyotaka. Kilipungua kitu kimoja. Kibao chekundu namba saba alikitoa kwenye funguo, akakifumbata.

Kisha akainua kikombe, akachukua barua ya mzee dobi. Duara la chai lilikuwa limezunguka neno *mwaminifu*.

Karani alichana kurasa mbili za daftari, akaukunja ule wino wote, akamtia mkononi.

“Mama!” meneja alisimama, akapepesuka, akanyoosha mikono yote miwili ya mafuta. “Mama, usifike kwa mwenye hoteli na hizo karatasi. Tafadhali. Hiyo barua ya vyoo nitaiandika sasa hivi, naiandika! Subiri! Nasema subiri!”

Mama Mifuko alifungua mlango. Wanawake wawili wa kwenye benchi waliinua nyuso, wakamwona uso, wakasimama wote kwa pamoja bila kujua kwa nini. Kulia kulikuwa na ngazi zinazopanda kwa mwenye hoteli, ghorofa ya sita. Kushoto kulikuwa na mlango wa barabarani.

Alipita katikati yao, akakata kushoto, akatoka mbio kumwahi binti yake.